Mama Mwenye Mimba Asipopata Pumzi

Katika vijiji vyetu, na hata katika mitaa ya miji mikubwa, neno hili husikika mara nyingi: "Aa, mimba imemlemea." Mama kijana ameketi penye kizingiti cha nyumba, ndoo ya maji iko mbele yake, naye ahema kama mtu aliyekimbizwa. Miguu yake imevimba. Usiku hawezi kulala chali. Huinuka, huketi, huegemea ukuta mpaka jogoo awike. Mama mkwe amtazama, asema: "Mwanangu, mimi nimezaa wanane, najua mambo haya. Mtoto wako ni mkubwa, ndiye anayekusukuma kifua. Vumilia." Na yule binti, kwa kuwa amefundishwa adabu, ajibu: "Ndiyo, mama," kisha avumilia.

Mara nyingi mama mkwe huwa amesema kweli. Mimba humchosha kila mwanamke, humpandisha pumzi, humvimbisha miguu wakati wa jioni. Lakini mara nyingine mama mkwe hukosea, wala si kwa ubaya. Kinachomsonga yule binti si mtoto aliye tumboni. Ni moyo wake mwenyewe, ulioumia tangu alipokuwa akienda shuleni na kibao chake, pasipo mtu yeyote kujua. Katika nchi zenye mali, ugonjwa huu wa moyo wa waja wazito umekuwa jambo la nadra. Katika Afrika yetu bado unaua akina mama, tena vijana. Wazazi, na ninyi wanafunzi mliokwisha kusoma habari za mwili, yafaa mwujue.

KILANGO KINACHOFANANA NA KOFIA YA ASKOFU

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Katika njia ya damu kuna vilango vya ngozi nyembamba, vyenye kufunguka upande mmoja tu. Vyafanana na mgono wa wavuvi: samaki huingia, lakini hawezi kurudi alikotoka. Upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoipeleka mwili mzima, kuna kilango ambacho madaktari hukiita mitrali. Jina hilo latokana na mitra, ile kofia ndefu yenye ncha mbili ambayo wengi wenu mmeiona kichwani mwa askofu siku ya Kipaimara. Mtaalamu wa kale aliyekipa jina hilo aliona ya kuwa pande zake mbili zakutana kama pande za kofia ile. Ni jambo dogo, lakini litawasaidia wanafunzi kulikumbuka.

Kilango hicho kikiwa kizima, hufunguka nafasi ya sentimeta za mraba 4 hadi 6. Damu hupita bila taabu. Kikishikwa na makovu, pande zake huanza kushikamana, nafasi hupungua, na ikifika sentimeta ya mraba 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa umekuwa mzito.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Damu hupita katika kilango hicho wakati moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Moyo ukipiga polepole, mapumziko ni marefu, na hata kilango chembamba hupitisha damu ya kutosha. Moyo ukienda mbio, mapumziko hufupishwa, damu haipati wakati wa kupita, nayo hurudi nyuma na kujaa mapafuni. Huko mapafuni maji ya damu hupenya na kuingia mahali pa hewa. Mtu aliye katika hali hiyo hakosi pumzi kwa uvivu wala kwa uoga: anazama, ingawa yuko katika nchi kavu.

Na mimba huuongezea moyo kazi gani? Mwili wa mama huongeza damu, maana ni lazima kulisha kondo la nyuma na mtoto. Mwisho wa mimba damu yake imezidi ile ya kwanza kwa karibu nusu. Moyo husukuma damu zaidi kwa theluthi moja au hata nusu nzima, na hupiga mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa kila dakika. Basi mtazame yule binti: damu imekuwa nyingi, mbio za moyo zimezidi, na kilango ni kile kile chembamba. Ndiyo sababu msichana aliyeweza kulima, kucheza ngoma, na kubeba kuni bila shida, akiingia mwezi wa tano au wa sita wa mimba, huanza kuhema kwa ghafula. Majirani husema amerogwa. Hakurogwa. Mzigo umeongezeka, na mlango haukuongezeka.

KOO LA MTOTO, MOYO WA MAMA

Makovu hayo yatoka wapi? Jibu lake huwashangaza watu wengi: yatoka kooni.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hushikwa na homa, koo humwuma, hawezi kumeza, mafindofindo yamevimba. Koo la namna hii mara nyingi huletwa na vijidudu visivyo na madhara makubwa, nalo hupona lenyewe. Lakini mara nyingine kijidudu ni kile kiitwacho streptokoko. Hicho nacho huonekana kupona baada ya siku chache, mtoto akarudi kucheza. Baada ya majuma mawili au matatu homa yarudi, na sasa viungo vyauma: leo goti la kulia, kesho kutwa kifundo cha mguu, halafu kiwiko, kama mgeni anayehama nyumba hata nyumba. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Askari wa mwili waliopigana na kijidudu cha kooni wamechanganyikiwa. Wameona katika moyo kitu kinachofanana na yule adui, wakaushambulia moyo wao wenyewe.

Maumivu ya viungo hupita, magoti yapona kabisa, mama wa mtoto amshukuru Mungu. Lakini moyoni jambo halikwisha. Kila mara koo liumwapo tena kwa kijidudu kile kile, vita vile huanza upya, na kovu huongezeka juu ya kovu. Kazi hii hufanyika kimya kwa miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyeugua akiwa na miaka 9 atakuwa na umri gani wakati kilango kitakapokuwa chembamba kabisa? Atakuwa ameolewa.

Kijidudu hicho hupenda nyumba zilizosongamana, ambamo watoto sita hulala katika chumba kimoja na kukoholeana usoni. Mwaka 1998 madaktari wa Kongo walitangaza habari za uchunguzi wao katika shule za Kinshasa: katika kila watoto 1000 waliopimwa, kama 14 walikuwa na moyo ulioguswa na baridi yabisi. Wale watoto ndio baba na mama wa leo.

Wala mtu asidhani ya kuwa ni ugonjwa wa watu weusi. Ulaya na Marekani ulikuwako, tena kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za London na New York zilikuwa na vyumba vizima vya watoto wenye baridi yabisi ya moyo. Ulipungua huko wakati nyumba zilipokuwa bora na familia zilipopata nafasi ya kulala. Na baada ya miaka ya 1940, penisilini ilimaliza kazi. Leo watu zaidi ya milioni 40 duniani wanao, na karibu wote wako katika nchi maskini au katika mitaa maskini ya nchi tajiri. Kila mwaka huwaua watu zaidi ya 300,000.

WASIOJIJUA

Kati ya mwaka 2010 na 2012 madaktari wa nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, waliandika habari za wagonjwa 3343 wa baridi yabisi ya moyo waliofika katika hospitali zao. Kazi hiyo iliongozwa kutoka Cape Town, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Bongani Mayosi, aliyefariki mwaka 2018. Iligunduliwa ya kuwa theluthi mbili za wagonjwa walikuwa wanawake, na nusu ya wagonjwa wote walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Miaka 28! Ndio umri wa mama mwenye watoto wawili au watatu, anayenyonyesha mmoja na kumpeleka mwingine shuleni. Katika miaka miwili iliyofuata, wagonjwa kama 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa.

Hao ndio waliofika hospitali kwa sababu ya moyo. Je, wale wasiofika? Mjini Kampala, madaktari waliwapima waja wazito zaidi ya 3500 waliokuja kliniki kwa mambo ya kawaida ya mimba. Waliutazama moyo wa kila mmoja kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile itumikayo kumtazama mtoto tumboni. Wanawake kama 60 walikutwa na moyo mgonjwa, na karibu tisa katika kila kumi kati ya hao walikuwa na baridi yabisi. Waliokuwa wakijua habari zao kabla ya siku ile ni wachache mno, huwezi kumaliza vidole vya mkono mmoja.

Hapa hapana budi kusema neno juu ya kliniki zetu. Mama hupimwa uzito, hupimwa mkojo, hupimwa damu na tumbo. Kusikiliza moyo ni mara chache. Tusiwalaumu wakunga: yule aliye peke yake asubuhi moja na wanawake themanini wanaomngoja kwenye mabenchi atafanyaje? Hata hivyo yako maswali ambayo hayahitaji mashine wala fedha, nayo huchukua dakika moja tu. Mama, waweza kulala chali, au wahitaji mito miwili, mitatu? Je, usiku waamka ghafula ukitafuta hewa dirishani? Wakohoa, hasa ulalapo, na mate yana povu au rangi ya damu? Moyo waenda mbio au kwa kurukaruka ukiwa umekaa tu? Umewahi kuzimia? Ulipokuwa mtoto uliugua viungo vya kuhamahama? Mama anayejibu ndiyo kwa swali moja katika hayo asirudishwe nyumbani na vidonge vya kuongeza damu peke yake. Wengi wameitwa wagonjwa wa pumu, wengine wa kifua kikuu, wengine wa malaria, wakatibiwa miezi mitatu kwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Na chombo cha kusikilizia moyo kipo katika kila zahanati, kimetundikwa msumarini. Mwaka 1816 daktari Laennec wa Paris aliletewa mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Aliona haya kuweka sikio lake kifuani pa yule mwanamke, kama ilivyokuwa desturi ya waganga wakati huo. Akaizungusha karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni, akastaajabu kuusikia moyo wazi kuliko alivyopata kuusikia kamwe. Chombo chote cha daktari kilichoning'inia shingoni leo chatokana na haya ya mtu yule mbele ya mwanamke mgonjwa.

SIKU YA KUZAA

Mama akijulikana mapema, mengi huwezekana. Mwenye kovu dogo aweza kuzaa salama kama wengine, mradi atazamwe. Kwa mwenye kovu kubwa, daktari hutoa dawa ya kuupunguzia moyo mbio, na dawa ya kumkojoza ili maji yatoke mapafuni. Humwambia apunguze chumvi, apumzike, asibebe mizigo. Ushauri wa mwisho ndio mgumu kuliko dawa. Nani atateka maji? Nani atakwenda shamba? Mume anayesikia maneno hayo kliniki asiyaache mlangoni. Yeye mwenyewe, au dada zake, hawana budi kuichukua ndoo.

Siku ya uchungu hatari yazidi. Kila tumbo la uzazi linapokaza, hukamua damu karibu nusu lita na kuirudisha katika mwili wa mama. Maumivu na hofu huongeza mbio za moyo. Mara mtoto atokapo, damu iliyokuwa ikienda kwenye kondo hurudi yote kwa pamoja, na moyo hupokea mafuriko. Ndiyo maana mama aweza kuzaa vizuri, mtoto akalia, nyumba ikapiga vigelegele, kisha usiku ule ule au siku ya pili mama akafa akikosa hewa. Watu husema, "Alizaa salama, tena akafa bure." Hakufa bure: alikufa kwa sababu inayojulikana, katika saa zinazojulikana. Siku mbili za kwanza baada ya kuzaa ni za kukesha kando ya kitanda chake.

Kwa hiyo mama wa namna hii asizalie nyumbani, wala katika zahanati isiyo na daktari. Azalie hospitali, akiwa ameketi nusu au amelala kwa ubavu, wala si chali. Apewe dawa ya kutuliza maumivu. Asisukume kwa nguvu zake zote; mkunga amsaidie kwa kile chombo cha kukivuta kichwa cha mtoto kwa upepo. Maji ya mshipani yawe ya kipimo, maana chupa mbili zilizotundikwa kwa wema zaweza kumzamisha. Ili kuzuia damu isitoke, oksitosini hutolewa polepole, ergometrini haimfai. Wengi hudhani ya kuwa mwenye moyo mgonjwa ni lazima apasuliwe. Sivyo. Kwa wengi wao, kuzaa kwa njia ya kawaida, kwa msaada, humchosha kidogo kuliko kisu.

UGONJWA MWINGINE, WA WALE WASIOUGUA KAMWE

Kuna ugonjwa wa pili, nao ni wa ajabu. Mwanamke hakuugua kooni, hana kovu katika vilango, moyo wake ulikuwa mzima siku zote. Lakini katika mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa, nyama ya moyo yenyewe yalegea. Moyo hupanuka kama mfuko uliochakaa, hauwezi tena kusukuma. Mama akiwa na mtoto mchanga mgongoni huanza kuvimba na kukohoa, na kwa kuwa mimba imekwisha, hakuna mtu anayefikiri habari ya uzazi tena.

Huko Zaria, kaskazini ya Nijeria, ugonjwa huo ulionekana mno kuliko mahali pengi duniani: kama mama mmoja katika kila 100 waliozaa, wakati ambapo Haiti ni kama mmoja katika 300, na katika nchi tajiri ni mmoja katika elfu au maelfu. Madaktari waliochunguza jambo hilo katika miaka ya 1970 walizitazama desturi za Wahausa. Mama aliyezaa hulazwa juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake, huogeshwa maji ya moto sana kila siku, na hunyweshwa uji wenye kanwa, yaani chumvi ya magadi itokayo upande wa Ziwa Chad, kwa muda wa siku arobaini. Desturi hiyo ilitoka katika upendo, ili baridi isimwingie mama. Lakini joto na chumvi nyingi huulemea moyo uliokwisha kulegea. Chanzo chenyewe cha ugonjwa ni kitu kingine, kwani wapo wanaoupata pasipo kuonja kanwa kamwe. Hata hivyo nasi tuna desturi zetu za kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumlisha hivi na vile, na bibi zetu waweza kuuliza kama mama anayehema afaa kutendewa kama mama mzima.

Huko Afrika Kusini, mwaka 2010, Profesa Karen Sliwa na wenzake walitangaza ya kuwa dawa iitwayo bromokriptini, ikiongezwa katika dawa nyingine za moyo, ilionekana kuwasaidia wagonjwa wachache waliojaribiwa. Lakini dawa hiyo hukausha maziwa. Fikirini uzito wa jambo hilo mahali ambapo maziwa ya kopo ni ghali na maji ya kuyachanganyia si safi. Daktari mwenye busara hupima roho mbili, si moja. Heri ni kwamba wengi wa akina mama hao, wakitibiwa mapema, moyo wao hurudia nguvu baada ya miezi, ingawa mimba nyingine yaweza kuuangusha tena.

KISU, PUTO NA KILANGO CHA CHUMA

Je, kilango chenye makovu chaweza kufunguliwa? Mwaka 1925, huko London, daktari mpasuaji Henry Souttar aliingiza kidole chake ndani ya moyo wa binti mmoja, akakigusa kilango cha mitrali na kukipanua. Binti akapona, akaishi miaka kadhaa. Lakini madaktari wenzake waliogopa. Hakuna aliyemletea mgonjwa mwingine wa namna ile tena, na kazi hiyo ililala zaidi ya miaka ishirini. Tangu miaka ya 1980 iko njia nyepesi zaidi, iliyobuniwa na Mjapani Kanji Inoue: puto dogo hupitishwa katika mshipa wa paja mpaka moyoni, hujazwa, nalo hutenganisha pande zilizoshikamana. Kazi hii yaweza kufanywa hata mwanamke akiwa na mimba, baada ya mwezi wa tano.

Taabu ni mahali na fedha. Kampala iko taasisi ya moyo katika kilima cha Mulago. Dar es Salaam taasisi yenye jina la Jakaya Kikwete ilifunguliwa mwaka 2015. Na wenye uwezo husafiri hata India. Familia za Kongo huuza shamba na ng'ombe kwa safari hiyo.

Kilango kikiharibika kabisa hubadilishwa. Cha chuma hudumu, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia kuganda, warfarini, siku zote za maisha yake, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Kwa msichana anayetumaini kuzaa, hapo pana fumbo kubwa: warfarini yaweza kumlemaza mtoto katika majuma ya kwanza ya mimba, hasa la 6 mpaka la 12, na kuiacha kwaweza kumwua mama. Sindano za heparini hazimfikii mtoto, lakini zahitaji kupigwa kila siku kwa kipimo cha uangalifu. Kilango cha nyama ya ng'ombe au nguruwe hakidai warfarini siku zote, ila katika mwili wa kijana huchakaa upesi, akapasuliwa tena. Mambo haya aambiwe msichana na wazazi wake kabla ya kupasuliwa. Yuko mwanamke aliyejua habari hiyo siku ile mimba yake ilipotimiza miezi mitatu.

Vivyo hivyo kabla ya arusi. Tunawauliza wachumba habari za mahari, za ukoo, za ubatizo. Nani auliza habari za moyo? Daktari akisema ya kuwa mimba yaweza kumwua mwanamke fulani, neno hilo ni la wote wawili, mume na mke. Katika wale wagonjwa 3343, wanawake wenye umri wa kuzaa waliokuwa na njia yoyote ya kupanga uzazi hawakufika hata 4 katika kila 100. Wengine wote walikuwa wameachwa gizani. Mume na mke Wakatoliki watakuwa na maswali ya dhamiri. Basi wayapeleke kwa daktari na kwa padri wao pia, bila haya. Na wajue ya kuwa baadhi ya vidonge vya uzazi vyenyewe huzidisha kuganda kwa damu, vikawa na hatari kwa mwenye moyo mgonjwa. Jambo hili halitaki kunong'onezana na rafiki sokoni. Na mama mkwe anayetaka wajukuu wanane, mwanawe mwenyewe ndiye apaswaye kumwambia, "Mama, wawili watutosha, nataka mke wangu awalee."

SINDANO YA KILA MWEZI

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu wote waweza kuzuiliwa kwa dawa ya bei ndogo. Koo lenye streptokoko likitibiwa kwa penisilini mara moja, moyo hauguswi. Na mtoto aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi hupewa sindano ya penisilini ile inayokaa mwilini siku nyingi, kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, ili koo lisiugue tena. Huko Gulu, Uganda, watoto na vijana 818 wenye dalili za kwanza moyoni waligawanywa makundi mawili, na habari zao zikatangazwa mwaka 2021. Katika kundi lililopata sindano kila majuma manne kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa watatu tu. Katika kundi lisilopata, uliendelea kwa 33.

Mwaka 2018 nchi zote za Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya kupigana na ugonjwa huu. Makaratasi yametiwa sahihi. Lakini sindano yapigwa kijijini, nayo yauma: dawa ni nzito, tako hukaa na maumivu siku nzima, na mtoto hujificha siku ile. Mama mwenye hekima huandika tarehe ukutani kwa mkaa. Na mama mwenyewe, akiwa na mimba, asiiache sindano yake kwa kumhofia mtoto; penisilini haimdhuru.

Wengine huuliza kama mtoto wa mama huyu atazaliwa na ugonjwa ule. La, hazaliwi nao, maana watoka kooni, si tumboni. Je, aweza kunyonya? Aweza, mama akiwa na nguvu, na daktari akiwa amezitazama dawa zake. Penisilini na warfarini hazikatazi. Basi mumewe amwekee mito nyuma ya mgongo, amletee mtoto mkononi, naye aketi akimnyonyesha.